Nikisema Ganzi Haijashika, Niamini

Wasee, leo sina stori ya kuchekesha. Nina stori ya jino.

Mwaka jana gego langu la chini, upande wa kushoto, lilianza kuniuma polepole, kama mgeni anayepiga hodi kwa adabu. Wiki ya kwanza nikalituliza na dawa za duka na maji ya chumvi, vile mathe alinishauri. Wiki ya pili hodi ikageuka teke. Nikaenda kliniki.

Daktari alikuwa kijana, mpole hata. Akaangalia, akasema jino limeoza hadi ndani, ni la kung'oa. Akanidunga sindano ya ganzi. Baada ya dakika kadhaa mdomo ukawa mzito, nusu ya ulimi ikapotea, nikijishika kidevu nahisi kama nimeshika cha mtu mwingine. Akaniuliza, "Ganzi imeshika?" Nikamwambia imeshika. Akachukua koleo lake.

Manze! Alipolisukuma tu lile jino, uchungu ulinitoka kwenye taya ukapanda hadi ndani ya sikio. Nikapiga nduru. Akasimama. Akanidunga tena, palepale pa mwanzo. Tukangoja. Mdomo ukazidi kuwa mzito. Akajaribu tena. Uchungu ni ule ule.

Hapo ndipo akaniambia maneno ambayo sijayasahau mpaka leo: "Dada, huo si uchungu, ni vile tu unasikia nikisukuma. Mdomo wako umekufa ganzi, umesema mwenyewe. Usiniletee drama. Watoto wa miaka kumi wanang'olewa kwa kiti hicho hicho na hawalii."

Msaidizi wake akacheka kidogo. Nami, mtu mzima wa miaka 22, nikaona aibu. Nikafunga macho, nikashika kiti kwa mikono yote miwili, na jino likatoka hivyo hivyo. Nikapanda matatu ya kurudi Kayole nikilia chini kwa chini, nimejifunika na hudi ya koti. Na kilichoniumiza zaidi hakikuwa lile shimo kwenye fizi. Ni kwamba nilianza kuamini kweli mimi ni mwoga.

Miezi kadhaa baadaye jino lingine likaanza. Upande ule ule. Safari hii nilienda kwa daktari mwingine, mama mmoja wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Kabla sijakaa nikamwambia, karibu kwa kuomba msamaha, kwamba mimi huwa nasumbua.

Hakucheka. Aliniuliza maswali mawili tu.

"Mdomo ulikufa ganzi?"

"Ndiyo."

"Na jino likaendelea kuuma?"

"Ndiyo, daktari."

Akavuta kipande cha tishu, akatoa kalamu mfukoni, akaanza kunichorea taya langu. Na mchoro ule ndio umenifanya niandike hii kitu unayosoma sasa.

BARABARA KUU NA NJIA ZA PANYA

Wacha nikueleze vile alivyonieleza, ila kwa lugha yetu ya matatu.

Kutoka Kayole hadi tao, matatu nyingi zinapitia Jogoo Road. Ukitaka kuzuia watu wa Kayole wasifike tao, unaweka kizuizi Jogoo Road. Si ndiyo? Sasa, wewe na mimi tunajua kwamba dereva akiona jam anakata kona, anaingia njia ya panya, anapitia nyuma ya maduka ya watu, na abiria wake wanafika tao kama kawaida. Kizuizi kipo, barabara kuu imefungwa kabisa, lakini watu wanafika.

Jino la chini linapeleka habari za uchungu kwenye ubongo kwa neva moja kubwa. Neva hiyo inaingia ndani ya mfupa wa taya kupitia tundu lililo upande wa ndani, huko nyuma, inasafiri ndani ya mfupa kama bomba la maji, inahudumia meno yote ya upande huo, halafu tawi lake moja linatokea kwenye kidevu na kwenda mdomoni. Ndiyo maana daktari wa meno anakudunga kule nyuma, kabla neva haijaingia mfupani. Anafunga barabara kuu. Na mdomo ukifa ganzi anajua barabara kuu imefungwa kweli.

Lakini kuna neva ndogo inayochepuka kutoka kwa ile kubwa kabla haijafika kwenye tundu la mfupa. Inaitwa neva ya mailohayoidi. Kitabu kinasema kazi yake ni misuli ya sakafu ya mdomo, basi. Ila kwa baadhi ya watu neva hii inatuma vitawi vyembamba vinavyoingia kwenye mfupa kupitia vijitundu vidogo upande wa ndani wa taya, hadi kwenye meno. Na kwa sababu imechepuka mapema, sindano inaweza isiifikie. Kuna watu wengine ambao lile bomba la ndani ya mfupa limegawanyika, ni mawili badala ya moja. Kuna hata wale ambao neva kutoka shingoni inapanda kusaidia.

Kwa hivyo mdomo unaweza kufa ganzi kabisa, na jino likabaki macho. Mambo hayo mawili hayapingani. Daktari wa kwanza aliona kizuizi Jogoo Road akaapa kwamba hakuna mtu aliyefika tao.

Yule mama alisema kitu kingine ambacho kilinifanya nimwamini hata zaidi. Alisema, "Siwezi kukuapia kwamba hiyo ndiyo sababu. Jino likiwa na usaha, ganzi hufanya kazi vibaya. Pengine pia sindano ilikosa mahali kidogo tu. Lakini zote tatu zina jibu moja: mgonjwa akisema anaumwa, unasimama, unatafuta njia nyingine." Akanidunga pale pa kawaida, halafu akaongeza sindano ndogo ndani ya taya, karibu na ulimi. Nikakaa nikingoja uchungu. Haukuja. Jino likatoka kama punje ya mahindi ya kuchemsha.

Nikalia tena. Lakini hiki kilikuwa kilio kingine.

HUYO MTU WA KWENYE KITABU HAYUPO

Baada ya hapo nikaanza kusoma, vile mtu anasoma akishajua amedanganywa. Na jambo la kwanza nililojifunza ni hili: ile picha ya mwili wa binadamu tuliyoiona ukutani shuleni, yenye neva za manjano zilizopangwa vizuri kama nyaya za stima kwenye mtaa wa matajiri, ni picha ya kinachotokea kwa wengi. Si picha yako.

Neva zinachora njia zake ukiwa bado tumboni kwa mama yako. Zinakua pamoja na misuli na mishipa ya damu, zinafuatana nayo, zinazungushwa nayo. Mshipa mmoja wa damu ukibadilisha njia, neva nayo inabadilisha. Msuli ukigawanyika, neva inaweza kupita katikati. Na unaweza kuishi miaka 90 usijue, kwa sababu mwili wako unafanya kazi fiti kabisa. Hii si ulemavu wala si laana. Hata mkono wako wa kulia na wa kushoto si lazima zifanane ndani.

Wacha tujaribu kitu. Weka simu chini. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, halafu kunja kiganja kidogo kuelekea kwako. Angalia kifundo cha mkono upande wa ndani. Unaona kamba imesimama katikati? Hiyo ni kano ya msuli mmoja mwembamba. Sasa jaribu mkono wa pili. Jaribu na ndugu yako, jaribu na mathe. Mtaani kwenu hutakosa mtu ambaye hana. Hana kabisa, na hajawahi kuihitaji.

Vitabu vingi vya anatomia vinasema karibu watu 15 kati ya 100 hawana kano hii. Lakini utafiti uliofanyiwa watu wa Afrika Mashariki, ukachapishwa 2011, ulikuta ni chini ya watu 5 kati ya 100. Umeona? Hata neno "kawaida" lina anwani. Kawaida ya kitabu kilichoandikwa mbali si lazima iwe kawaida ya Kayole.

Utasema, "Sasa kano na neva zinahusiana wapi?" Zinahusiana hapa. Chini kidogo ya kamba hiyo inapita neva ya kati ya mkono, ile inayokupa hisia kwenye kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata. Madaktari wakitaka kuifanyia ganzi, wanaitafuta kwa kufuata ile kamba. Na wapasuaji wakihitaji kano ya kutengenezea mahali pengine mwilini, mara nyingi huchukua ile, kwa sababu haina kazi kubwa. Majarida ya upasuaji yameandika visa ambapo mpasuaji alienda kuchukua kano, akachukua neva. Zote mbili zinaonekana kama kamba nyeupe. Mgonjwa anaamka kidole gumba hakihisi kitu na hakina nguvu. Kosa kama hilo linaweza kuzuiwa na jaribio la sekunde tano ambalo wewe umelifanya sasa hivi ukiwa umelala kitandani.

MKONO UNAOMDANGANYA DAKTARI

Unajua ule mshtuko unaosikia ukigonga kiwiko, mkono mzima unawaka hadi kidole cha mwisho? Umegonga neva ya alna. Hiyo ndiyo inayoendesha misuli midogo mingi ya kiganja, ile inayokuwezesha kutanua vidole na kuvibana.

Sasa piga picha ya mtu ameanguka na bodaboda, kioo kimemkata kiwikoni, na neva hiyo imekatika. Daktari anamwambia, "Tanua vidole." Vidole vinatanuka. Daktari anasema neva iko salama, anashona ngozi, anamwachilia aende nyumbani.

Inawezekanaje? Kwa karibu mtu mmoja kati ya watano, nyuzi kadhaa za neva husafiri na neva ya kati, zinapita kiwiko zikiwa huko, halafu zinavuka ndani ya mkono na kujiunga na neva ya alna chini ya kiwiko. Njia ya panya tena! Msweden Martin aliandika kuhusu jambo hili 1763, na Gruber akalieleza tena 1870, ndiyo maana mpaka leo linaitwa kwa majina yao mawili. Si habari mpya. Ni habari ya zaidi ya miaka 250.

Lakini yule jamaa wa bodaboda angeulizwa vizuri, angesema, "Daktari, vidole vinasonga, lakini hiki cha mwisho hakihisi kitu." Kwa kawaida zile nyuzi za njia ya panya ni za kusukuma misuli, hazibebi hisia za ngozi. Kwa hivyo ngozi ya kidole cha mwisho ingesema ukweli. Na mwenye kidole ndiye peke yake anayeweza kuisemea.

Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo, wasee. Kuna vitu ndani ya mwili ambavyo daktari hawezi kuviona akiwa kwenye meza yake. Chombo cha kwanza na cha bei rahisi zaidi cha kuvipima ni mdomo wa mgonjwa. Na sisi tumeufunga.

SINDANO YA MAKALIO NA NEVA YA SIATIKI

Wangapi walikua wakidungwa sindano za makalio? Karibu sote. Nesi anakupiga kofi kidogo, unakaza, kwisha.

Neva ya siatiki ndiyo neva nene kuliko zote mwilini, upana wake unakaribia kidole gumba. Inatoka ndani ya nyonga, inapita chini ya msuli mmoja wa makalioni unaoitwa pirifomisi, inateremka nyuma ya paja, na ikikaribia goti inagawanyika mara mbili. Hivyo ndivyo kitabu kinavyosema.

Mwaka 2011 watafiti wa idara ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha matokeo ya kuchunguza miguu 164 ya Wakenya. Karibu mguu mmoja kati ya mitano, neva ilikuwa imeshagawanyika ikiwa bado ndani ya nyonga, mbali sana na goti. Neva ikigawanyika mapema hivyo, sehemu moja inaweza kutoboa katikati ya ule msuli, au kupita juu yake, wakati nyingine inapita chini kama kawaida.

Maana yake ni nini kwako? Moja, mtu anayefanyiwa upasuaji wa mguu kwa ganzi ya neva hiyo anaweza kufa ganzi upande mmoja wa mguu na upande mwingine ukabaki macho, kwa sababu dawa imefika kwa pacha mmoja tu. Akisema anasikia kisu, si woga. Mbili, sindano ya makalio inahitaji heshima. Ndiyo maana wahudumu hufundishwa kudunga kona ya juu upande wa nje, au pembeni karibu na nyonga, mbali na njia za neva hii. Na mtoto akidungwa akaanza kuburuta mguu, mama yake akirudi siku ya pili na kusema mtoto hakuwa hivi, asiambiwe mtoto anadeka. Hapo jirani, Uganda, madaktari wameandika kwa miaka mingi kuhusu watoto waliopooza mguu baada ya sindano ya makalio.

Na kuna jambo moja kuhusu utafiti ule wa Nairobi ambalo lilininyamazisha. Miguu 164 ni ya watu 82. Watu waliokufa. Hapa Kenya, miili mingi ambayo wanafunzi wa udaktari husomea ni ya watu ambao hakuna jamaa aliyekuja kuwachukua mochari. Watu ambao pengine hakuna aliyewasikiliza walipokuwa hai ndio waliotufundisha vile sisi tulivyo ndani. Mimi nikifikiria hilo sitaki maarifa yao yabaki kwenye jarida ambalo mimi na wewe hatulisomi.

NEVA YA SAUTI

Hii nitaipitia haraka, lakini siwezi kuiacha, kwa sababu shangazi yangu alifanyiwa upasuaji wa goita na familia nzima ilikaa roho juu.

Neva inayoendesha sauti yako ina tabia ya ajabu. Inatoka kwenye ubongo, inapita shingoni karibu kabisa na koo inakotakiwa kufika, halafu haisimami. Inateremka hadi kifuani, inazunguka mshipa mkubwa wa damu, ndipo inapanda tena hadi kwenye koo. Twiga naye anayo hivyo hivyo, na kwake safari hiyo ni ya mita kadhaa, kwenda na kurudi.

Lakini kuna watu wachache sana, chini ya mmoja kati ya mia, ambao upande wa kulia mshipa huo wa damu umeota kwa njia tofauti, kwa hivyo neva haina cha kuzunguka. Inakata kona moja kwa moja kutoka shingoni hadi kwenye koo. Mpasuaji anayeitafuta pale kitabu kinaposema hataiona, na anaweza kuikata akidhani ni kitu kingine. Sauti inabaki ya kukwaruza, pengine maisha yote. Jambo hili limeandikwa tangu 1823.

Mpasuaji wa shangazi alikaa chini na sisi. Akasema, "Sitakata kitu chochote kabla sijaiona neva kwa macho yangu, hata kama iko mahali ambapo siitarajii." Sentensi moja. Familia nzima ikalala usiku ule. Shangazi bado anaimba kwaya, na bado anapita noti.

LAKINI PIA TUSIWE WAJUAJI

Najua kuna daktari au mwanafunzi wa udaktari anayesoma hii akikunja uso. Ana haki. Wacha nimjibu.

Atasema wagonjwa ni wengi, yeye ni mmoja, na hawezi kumsikiliza kila mtu dakika arobaini. Kweli. Nimeona foleni za hospitali zetu. Lakini yule mama hakunisikiliza dakika arobaini. Aliuliza maswali mawili. Kuniamini kulimchukua muda mfupi kuliko ambao mwenzake alitumia kunibishia.

Atasema pia kwamba sasa kila mtu aliyesoma posti moja ataingia kliniki akidai neva zake ni za kipekee. Hiyo nayo ni kweli, na nawaambia ninyi wasomaji wangu: usiende kujipima ugonjwa na mimi. Mimi si daktari. Mara nyingi ganzi ikikataa, sababu ni usaha au sindano iliyokosa mahali. Mara nyingi mkono ukifa ganzi usiku, ni neva imebanwa tu, na neva yenyewe iko palepale kitabu kiliposema. Usimwambie daktari una nini. Mwambie unasikia nini. Hizo ni kazi mbili tofauti: ya kwanza ni yake, ya pili ni yako, na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kukufanyia.

Na kuna wengine watasema, "Lakini kweli kuna watu waoga." Wapo. Mimi mwenyewe naogopa mende. Lakini hata mwoga ana neva. Woga wangu hauwezi kufuta njia ya panya iliyo kwenye taya langu.

KWA HIVYO NATAKA NINI?

Kwako wewe unayesoma: kama ganzi iliwahi kukataa, kama uliwahi kuambiwa una kitu "si cha kawaida" kwenye picha au wakati wa upasuaji, kiandike. Kwenye simu, hata hapo kwenye notisi unazoweka orodha ya mama mboga. Andika upande gani, mwaka gani, ni sindano ngapi, na nini kilisaidia mwishowe. Siku ukikalia kiti kingine, sema kabla ya sindano, usingoje koleo. Na ukiwa kwenye kiti uchungu ukaja, inua mkono. Kubaliana na daktari mapema kwamba mkono ukiinuka, kazi inasimama. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inasema uelezwe hali yako na matibabu yako kwa lugha unayoielewa. Kuuliza "hii sindano inafanya nini?" si ukorofi. Ni haki yako.

Kwenu madaktari, manesi na wanafunzi: tunawaheshimu, na tunajua mnafanya kazi ngumu. Ombi langu ni dogo. Mgonjwa akisema kitu ambacho hakiingiani na kitabu, kabla hujasema mgonjwa amekosea, jiulize kama kitabu kinamjua. Na mkikuta njia ya panya, iandikeni kwenye faili yake na mumwambie mwenyewe, ili mwenzenu wa kesho asianze upya kwa mwili wake.

Kwa wanaofundisha na wanaotoa pesa za utafiti: tafiti zetu wenyewe zipo, na zile chache nilizozisoma zimenionyesha kwamba namba zetu si lazima ziwe namba za wengine. Ongezeni. Na mziandike pia kwa Kiswahili, ili mtu wa Kayole mwenye jino bovu ajue kwamba yeye si wa ajabu.

Nimalize na yule daktari wa kwanza. Sina kinyongo naye tena, kusema kweli. Nadhani naye alikuwa anaogopa. Dawa imekataa, msichana analia, foleni iko nje, na kitabu kinamwambia kila kitu kiko sawa. Ni rahisi kuamini kitabu. Kitabu hakilii.

Lakini mimi nilikuwa pale. Nilikuwa ndani ya lile taya. Nikakubali kunyamaza, kwa sababu mtu aliyevaa koti jeupe aliniambia kwamba ninachokisikia hakipo. Sitanyamaza tena, na sitaki wewe unyamaze.

Sasa niambie: wangapi kati yenu mmewahi kuambiwa "huo si uchungu"? Na ile kamba ya mkononi, unayo au huna?